Mishono Miwili

Kijana wa mzani bado yuko Nyawera,
pembeni mwa wauza vocha,
mzani wake umelala juu ya katoni
ili tope la mvua ya alfajiri lisiufikie.
Franga mia mbili. Nikavua viatu.
Akainama, akasoma, akanyamaza
kama mtu aliyefungua barua isiyo yake.
"Mama, niseme?"
Sema, mwanangu, nimekwisha kulipa.
"Tisini na moja."

Mwaka jana, kiangazi, miguu hii hii,
mzani huu huu ulisema sabini na nne,
nikapanda Kadutu bila kushika ukuta,
nikawapita wabeba mizigo,
nikawasalimia kwa pumzi iliyobaki.

Kumi na saba.
Ni bidoni ya maji isiyojaa vizuri:
naibeba usiku, naibeba mchana,
wala hakuna anayekunywa.

Usiniulize zilirudi lini.
Labda kwenye msiba wa mama, Walungu,
siku tisa nimekaa mkekani
na kila aliyekuja kulia alikuja na sahani.
Labda baadaye, jioni za umeme kukatika,
bugali ya moto, sambaza za kukaanga,
kidogo, kidogo tena,
nikakwangua hadi chini ya sufuria
kana kwamba mama angekuwa huko.

Na majirani walifurahi! Hilo ndilo linalouma.
Nilipopungua, Mama Nsimire aliniletea uji,
akaniuliza kwa sauti ya hospitali
kama dawa nazimeza kwa saa zake.
Kanisani waliniombea bila kutaja jina,
wote wakiniangalia.
Niliporudi kujaa, vigelegele hadi mlangoni:
"Eeh, Nabintu, sasa umekuwa mtu!"
Nitawaambiaje kwamba muuguzi
aliandika namba mbili kwenye kadi yangu,
moja juu ya nyingine,
akazizungushia wino mwekundu?

Jana nilimpelekea fundi Cirhuza gauni la kitenge,
lile la ndege wa bluu.
Mwaka jana alilibana yeye. Nilimwambia
kata, tupa kinachozidi, sitakihitaji tena.
Hakukata. Alikikunja ndani, kimya.
Siku nilipogundua nilinuna wiki nzima:
kumbe hakuniamini.
Jana akafumua, uzi baada ya uzi,
na pale mshono ulipokuwa
pakabaki mstari wa matundu madogo,
na kitambaa kilichojificha humo
kilikuwa bado kipya, ndege wake hawajapauka.
"Nifungue mpaka wapi?"
Mpaka nipumue, fundi.
Lakini ule mstari usiupige pasi.
Akacheka puani. Mdomo umejaa pini, hakusema kitu.

Mara ya kwanza nilianza kwa kelele:
raba mpya, daftari,
wanangu wakiandika kilo zangu ukutani kwa chaki.
Mara ya pili haina makofi.
Unaanza ukijua goti litasema nini,
ukijua hata siku utakayojidanganya.

Leo saa kumi na moja na nusu, ziwa bado jeusi,
nilitoka na raba zilezile,
moja imefungwa kwa ukanda wa kitenge
maana kamba yake ilipotea.
Ngazi za kupanda Kadutu sijui ni ngapi;
mwaka jana sikuwa na haja ya kuhesabu.
Ya arobaini na tatu ina ufa.
Hapo ndipo nilipokaa,
moyo ukigonga kama mwenye nyumba anayedai kodi.
Msichana wa mandazi akapita, beseni kichwani,
akasimama. Harufu ikakaa nami ngazini.
"Mama, mangapi?"
Nikasema, kesho.
Sijui kama ni kesho ya mandazi
au kesho ya ngazi ya arobaini na nne.